Kuwafundisha Watoto Nyumbani



Nimeombwa niseme machache juu ya wazazi Wakristo wanaowafundisha watoto wao nyumbani. Kwanza niondoe shaka: sisemi mtoto atolewe shuleni. Sheria ya Elimu ya 1978 yamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shule ya msingi, nayo ni sheria njema. Nasema juu ya saa zile ambazo mwalimu hana amri nazo, yaani jioni baada ya chakula.

Sisi watu wa kalamu tuna ugonjwa wetu. Mchana kutwa twamweleza raia fomu yake mstari kwa mstari, tena kwa uvumilivu. Tukifika nyumbani, mtoto akiuliza neno moja la Maandiko, twamwambia akamwulize mwalimu wa Jumapili.

Wengine husema, "Mimi sikusomea dini, nitafundisha nini?" Na watazame habari za wilaya hii ya Kilosa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 wamisionari wa CMS walikuwa wamekwisha kukaa Mamboya, katika nchi ya Wakaguru, lakini Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja haikutoka mpaka 1891. Waliosikia Neno kwanza hapa hawakuwa na kitabu kizima cha kufungua. Walilolijua walilishika kwa kichwa. Leo kitabu kimo kabatini, nasi twasema hatuwezi!

Paulo alipomkumbusha Timotheo imani yake, aliwataja bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Wakaguru, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hawatastaajabia jambo hilo. Lakini baba asijifiche nyuma ya desturi.

Najua kazi zetu. Wenzetu wa Mikumi wanaolinda Hifadhi, iliyoanzishwa 1964, huenda doria mbali na nyumba zao. Na karani naye huhamishwa kabla familia haijamfuata. Kwa hao nashauri hivi: chagueni habari moja kwa juma, mama aisome na watoto, baba aisome huko aliko. Arudipo, watoto ndio wamsimulie, naye asikilize pasipo kuwakatiza.

Lililo gumu zaidi ni maswali. Mwakumbuka mvua za Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulipofurika na maelfu ya watu wa Kilosa wakakosa makao. Mtoto aliyelala hemani ana haki ya kuuliza Mungu alikuwa wapi usiku ule. Mzazi amwambiaye, "Nyamaza, ni dhambi kuuliza," amemfundisha kwamba mambo makubwa hayasemwi nyumbani. Atakwenda kuyasema kwingine. Afadhali amwambie, "Mwanangu, sijui," kisha wafungue Zaburi, wauone wingi wa watu waliomlilia Mungu kwa maneno makali kuliko hayo, wala hawakufukuzwa.

Wanaotaka kuanza waanze na Injili ya Marko, iliyo fupi kuliko zote nne. Ina sura 16. Sura moja kwa juma, kwa muda usiofika miezi minne mmeimaliza. Someni kwa Kiswahili, na mahali mtoto asipofahamu mwelezeni kwa lugha ya nyumbani, ikiwa ni Kikaguru, Kisagara au Kividunda.