Maneno ya Kumkumbuka Mama Yetu Mzee

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wanachama, Keumbu)



Nawashukuru kwa kunipa nafasi hii ya kusema maneno machache juu ya mama yetu, aliyetutoka mwaka huu, na ambaye wengi wenu mlifika bomani kumzika. Bwana Katibu aliponitaka niseme, nilidhani ni kazi nyepesi ya kumsifu marehemu. Lakini nilipoketi kuandika nikaona kwamba sifa zake mmekwisha kuzisikia siku ya mazishi, na ya kuwa liko jambo moja ambalo siku ile sikulisema kwa kuona haya. Leo nitalisema, maana linawahusu wazee walio hai kuliko linavyomhusu yeye aliyelala.

Kwanza natoa shukrani za jamaa yetu yote. Chama kilitoa mchango wa fedha, kikaleta turubai na viti, na vijana wake wakachimba kaburi upande wa kushoto wa nyumba yake, kama ilivyo desturi yetu kwa mwanamke. Akina mama walipika siku nne bila kuchoka. Hakuna mgeni aliyerudi kwake na njaa. Mungu awalipe.

Mama yetu hakuujua mwaka aliozaliwa. Alisema tu kwamba mama yake alimbeba mgongoni wakati wa nzige, nasi tukihesabu twaona ni kati ya 1928 na 1931. Alipoolewa katika boma letu, kahawa ilikuwa bado jambo geni kwa watu wengi, ingawa Waafrika wa Kisii walikuwa wameanza kuilima katika miaka ya 1930, na Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari alikuwa miongoni mwa wale waliotangulia. Yeye mwenyewe aliamini zaidi wimbi na ndizi. Siku za soko alikuwa amekwisha kufika kando ya barabara hapa Keumbu na mikungu yake kabla jua halijachomoza, na kwa fedha za ndizi hizo sisi watoto wake tulilipiwa karo. Hakusoma hata darasa moja. Akiandikiwa barua, alimwita mtoto wa shule amsomee mara mbili: mara ya kwanza asikie, mara ya pili ahakikishe kwamba mtoto hakuruka neno.

Lakini mama huyu asiyejua kusoma alikuwa na kitabu kichwani. Ninyi wazee mwajua nina maana gani. Kwa desturi ya Abagusii, ng'ombe wa mahari ya binti ni mali ya nyumba ya mama yake, na kwa ng'ombe hao ndugu yake binti huyo huoa. Ikiwa boma lina wake wawili, na ng'ombe wa nyumba moja wakatumika kumwozea kijana wa nyumba ya pili, basi hilo ni deni baina ya nyumba na nyumba, wala halifi kwa kufa kwao waliolifanya. Mama yetu aliyajua madeni ya boma letu, na ya maboma mengine manne ya jirani, tangu siku alipoolewa. Aliwajua ng'ombe kwa rangi zao, na yupi alikufa njiani, na yupi alizaa pacha. Wazee walipokwama katika shauri, walituma mtu kwake kwenda kuuliza.

Sasa nitasema lile jambo. Marehemu baba yetu alikuwa na wake wawili. Mama yetu alikuwa mkubwa, na mke mwenzake, ambaye sisi twamwita mama mdogo, alikuja miaka michache baadaye. Mwaka 1974 dada yetu mkubwa aliolewa, wakaja ng'ombe sita. Ng'ombe wale hawakungoja vijana wa nyumba yetu. Walitolewa wote, wakamwozea kijana wa nyumba ya mama mdogo. Mimi nilikuwa mtoto wa shule, na mpaka leo nawakumbuka wakitoka langoni mmoja mmoja.

Miaka ikapita. Ninyi nyote mwaona jinsi ardhi yetu ilivyokuwa ndogo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, yaani watu 957 hivi katika kila kilomita moja ya mraba. Mashamba ya baba zetu yamekatwa vipande, na vipande vimekatwa tena. Mimi, mtoto wa mwisho wa nyumba kubwa, nikawaza juu ya wanangu, nikaanza kudai. Nilisema: ikiwa ng'ombe sita hawakurudi, basi irudi sehemu ya shamba iliyo chini karibu na mto, ambayo nyumba ya mama mdogo wanailima. Nilijiona nina haki. Wazee kadhaa waliniunga mkono, nami siwalaumu, kwa kuwa walisikia maneno yangu tu.

Katika siku zile mtoto mmoja wa ukoo wetu akashikwa na homa kali, akawa anapayuka usiku. Ndipo ukaanza mnong'ono. Haikujulikana ulitoka kwa nani. Walisema mama mdogo ameishi mno. Walisema hutoka nje gizani. Mwishowe likatamkwa lile neno lenyewe, kwamba yeye ni omorogi. Bwana Mwenyekiti, nakiri mbele ya mkutano huu: mnong'ono ule sikuuanzisha mimi, lakini niliusikia, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa kuwa ulinifaa. Mwanamke akihofiwa na watu, nani atasimama kutetea shamba lake?

Wala hatuwezi kusema kwamba hatukujua mnong'ono wa namna hiyo huishia wapi. Mwezi wa Mei 2008, huku kwetu Kisii, watu wasiopungua 11, wengi wao wanawake wakongwe, waliuawa kwa moto na makundi ya watu waliowaita wachawi. Tena mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa neno lilo hilo. Wale walikuwa mama za watu kama mimi. Walikuwa na vitabu vyao vichwani, vikateketea pamoja nao.

Habari zikamfikia mama yetu. Wakati huo alikuwa hatoki tena nje ila kwa kushikwa mkono. Akatuma watu kuziita nyumba zote mbili, tukakusanyika jikoni kwake, karibu na mafiga. Akamwagiza mjukuu mmoja alete daftari la shule na kalamu, akamwambia: “Andika kila neno, wala usilipambe.” Kisha akaniuliza mbele ya wote: “Wewe wadai nini kwa mama yako mdogo?” Nikajibu, ng'ombe sita.

Akasema hivi, nami nawasomea kama lilivyoandikwa katika daftari lile:

“Mwaka wa Uhuru nilipatwa na kifua kikuu, nikalazwa hospitali miezi mingi. Niliacha mtoto mchanga asiyeweza kula kitu. Watu walisema atakufa. Huyu mke mwenzangu alikuwa na mtoto wake mwenyewe kifuani. Akamweka mtoto wangu kwenye titi moja na wake kwenye titi la pili, mpaka niliporudi. Hakuna aliyemwagiza. Sisi wake wenza huogopana, yeye hakuniogopa. Ng'ombe wa binti yangu walipokuja, mimi ndimi niliyemwambia mume wetu wapelekwe kwake. Sikuwakopesha. Nililipa.”

Kisha akanitazama, akamaliza: “Na mtoto yule aliyenyonya ni wewe unayedai.”

Ndugu zangu, sina maneno ya kueleza hali niliyokuwa nayo. Mama mdogo aliketi karibu na mlango, akifunika uso kwa leso yake. Alisema neno moja tu: “Nilidhani umesahau.” Mama yetu akamjibu: “Nisahau nini, na mtoto namwona kila siku?”

Siku ya pili yake nilikwenda kwa wazee nikaliondoa dai langu. Mtoto mgonjwa nilimpeleka mwenyewe hospitali. Ikaonekana ni malaria, akatibiwa, akapona. Mama yetu hakuumaliza mwaka. Tulipomzika, nyumba mbili zilisimama pamoja kaburini, na wengi wenu mlisifu umoja wetu. Sasa mmejua umoja ule ulinusurika kwa jinsi gani.

Bwana Mwenyekiti, kama mama yetu angalikufa miezi kadhaa mapema, jambo hili lisingejulikana. Mimi ningalichukua shamba la mwanamke aliyeniponya, tena huenda ningalikuwa na damu yake mikononi mwangu. Tofauti ilikuwa mazungumzo ya jioni moja na daftari la mtoto wa shule.

Kwa hiyo naomba Kamati izitafakari haja tatu. Ya kwanza, kila boma la mwanachama liketi na mzee wake, mwanamume au mwanamke, liandike mipaka, mahari na madeni kama anavyoyajua, na nakala yake itunzwe na Katibu. Ya pili, sehemu ya mfuko wetu wa mazishi itengwe kwa ajili ya wazee walio hai. Kwa mazishi ya mama yetu tulipika fahali mzima. Lakini alipokuwa hai alikaa msimu wote wa mvua akiomba blanketi zito, nami nikawa nasema nitanunua mwisho wa mwezi. Ya tatu, mwanachama atakayesikia mnong'ono wa uchawi juu ya mzee yeyote asinyamaze kama nilivyonyamaza, bali siku ile ile amjulishe Mwenyekiti na Chifu. Sheria ya Uchawi iliyowekwa mwaka 1925 ilifanya kuwa ni kosa kumtaja mtu kuwa mchawi, isipokuwa kwa kupeleka malalamiko mbele ya wakuu wa serikali. Tuwafundishe vijana wetu jambo hilo hadharani.

Wahenga walisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia nikiwa nimekwisha kuinua mguu.

Mwezi uliopita katika nyumba ya mama mdogo alizaliwa mtoto wa kike, kitukuu chake. Kwa desturi yetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia. Mama mdogo mwenyewe ndiye aliyechagua, akampa jina la mama yetu, na juzi nilimkuta akimbembeleza mtoto kwa jina hilo. Yupo hapa leo, ameketi safu ya mbele upande wa akina mama. Mkutano ukiisha, nawaomba mpite kumwamkia, na mwenye nafasi amketie karibu amwulize habari za zamani. Yeye naye ana mengi.

 Mungu amlaze mama yetu mahali pema, na awalinde wazee wetu tulio nao.