Kuuliza ni Kazi Yetu

(Maneno ya mwanachama mmoja katika mkutano wa tawi, Kware)



Nimeombwa niseme machache juu ya mjadala wa wagombea wa urais unaoonyeshwa katika televisheni. Mimi si mwanasiasa. Ni mpiga kura kama ninyi, na nitasema yale yaliyonipata mimi mwenyewe.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 26 Julai 2022. Nilitoka kazini Industrial Area, nikaja kwa miguu mpaka hapa Kware, nikaingia hoteli moja yenye televisheni. Watu walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Siku chache kabla, serikali ilikuwa imetangaza kwamba pakiti ya unga ya kilo mbili iuzwe shilingi 100, lakini katika duka ninalonunua niliambiwa unga huo haujafika. Basi kila mtu alikuwa na swali lake tumboni.

Mjadala ulifanywa katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki. Bwana William Ruto, ambaye wakati ule alikuwa Naibu wa Rais, alisimama peke yake mbele ya watangazaji wawili. Marehemu Raila Odinga hakwenda. Watu wake walikuwa wametangaza mapema kwamba hatafika, na kwamba atakutana na wananchi katika ukumbi wa Jericho, huku kwetu Eastlands.

Pale hotelini tuligawanyika mara moja. Hawa walisema, "Ameogopa!" Wale wakajibu, "Amefanya vyema, hana haja naye!" Mimi nilikuwa na upande wangu. Sitautaja hapa, kwa sababu chama hiki ni cha sisi sote. Lakini nakiri kwamba nilipiga kelele kama mtu aliyekwenda kutazama mpira. Swali likiulizwa, tunapiga kelele. Jibu likitolewa, tunapiga kelele zaidi.

Mjadala ulipokwisha aliingia kijana mmoja, mchukuzi wa magunia. Yeye ni kibarua. Kila asubuhi husimama kwenye lango la kiwanda kimoja kungoja kuitwa, na amefanya hivyo zaidi ya mwaka mmoja mahali pale pale. Akauliza kwa adabu, "Wazee, amesema nini juu yetu sisi vibarua?"

Ndugu zangu, hapakuwa na mtu wa kumjibu. Mimi niliyekaa mbele kabisa sikuweza kumjibu. Nilikumbuka nani alicheka na nani alikasirika, lakini jibu hata moja sikulikumbuka. Niliona haya. Nilinunua chai, nikanyamaza.

Tangu siku ile nimefikiri sana. Tukitazama nyuma, mwaka 2013 wagombea wote wanane walisimama pamoja mbele ya taifa. Mwaka 2017 Bwana Odinga alikwenda peke yake, na Bwana Uhuru Kenyatta hakufika. Mwaka 2022 mambo yakageuka: aliyefika mara ile ndiye aliyekosa mara hii. Kwa hiyo pasiwe na upande wa kujisifu hapa. Na sisi wapiga kura tulifanya nini? Kila mara tulimtetea asiyekuja ikiwa ni wetu, tukamlaumu ikiwa si wetu. Mtu akijua kwamba hatapoteza hata kura moja kwa kutokuja, kwa nini aje?

Katika chama chetu hatukubali jambo hilo. Katibu au mweka hazina asipofika mkutano wa mwaka kusoma hesabu, hatusemi "amefanya vyema." Tunataka ajibu.

Tena kumbukeni kura hii ilitoka wapi. Mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, si kila mtu alikuwa na kura. Mtu alipimwa kwa elimu, kwa mshahara, kwa mali, na wengine walipewa kura mpaka tatu. Tom Mboya, Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ndiye aliyeshinda kiti cha Nairobi. Leo mchukuzi wa magunia ana kura moja sawa na mwenye kiwanda. Lakini mwaka 2013 waliopiga kura walikuwa kama 86 katika kila 100 walioandikishwa. Mwaka 2022 walikuwa karibu 65 tu. Wengi wamechoka kutojibiwa.

Na swali la yule kijana si la bure. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi mmoja, ahesabiwe kuwa mfanyakazi wa mwezi. Sheria ipo. Tunalotaka kujua ni hili: nani atatuma afisa wa leba langoni kuitazama?

Basi naleta shauri langu. Kabla ya kila uchaguzi, tawi hili likusanye maswali ya wanachama na kuchagua matano. Tuwaalike wagombea wote wa wadi na wa ubunge, wa kila chama, tuwaulize maswali yale yale. Mmoja wetu aandike majibu, yachapwe katika gazeti letu hili. Asiyekuja, jina lake lichapwe pia, na chini yake paachwe wazi.

Na usiku wa mjadala wa televisheni, twende na karatasi na kalamu. Tukipiga kelele, iwe baada ya kuandika.

Yule kijana bado anasimama langoni. Akiniuliza tena, nataka niwe na jibu la kumsomea.