Upana wa Kichwa cha Kombaini katika Shamba Dogo la Mchanganyiko: Hali ya Ifakara na Bonde la Kilombero

Mada hii inachunguza namna ya kuchagua upana wa kichwa cha kombaini kwa mkulima mdogo wa Bonde la Kilombero, ambaye kwa kawaida hulima mpunga kama zao kuu, huweka mahindi, ufuta au mikunde katika sehemu zilizoinuka, na pengine hufuga ng'ombe wachache. Kombaini ni mashine inayokata, kupura na kupepeta nafaka kwa mpito mmoja. Kichwa chake ni sehemu ya mbele yenye kisu kinachokata mashina, vitana vinavyozunguka na kuyainamisha mabua kuelekea kisu hicho, na parafujo inayoyakusanya katikati ili yapelekwe kwenye ngoma ya kupuria. Upana wa kichwa ndio kipimo ambacho wanunuzi wengi huulizia kwanza, kwa imani kwamba kadiri kinavyokuwa kipana ndivyo kazi inavyokwisha mapema. Hoja ya mada hii ni kwamba imani hiyo haiyafai majaruba mengi ya Kilombero, na kwamba kichwa cha mita 2 hivi, kilichofungwa kwenye mashine inayotembea kwa mikanda ya mpira, ndicho kinachofaa wengi, huku fedha ambayo ingenunua upana zaidi ikiwa na matumizi bora katika kusawazisha ardhi na kupanua uwanja wa kuanikia.

Eneo linalovunwa kwa saa hupatikana kwa kuzidisha upana wa kichwa kwa mita na mwendo wa mashine kwa kilomita, kisha kugawanya kwa 10, na jibu huwa ni hekta. Kichwa cha mita 2 kikienda kilomita 3 kwa saa hukata hekta 0.6, na cha mita 4.5 kwa mwendo huohuo hukata hekta 1.35. Hesabu hiyo hudhani kwamba mashine haigeuki, haimwagi nafaka wala haivuki kingo za majaruba. Ikichukuliwa jaruba la mita 20 kwa 50, yaani takriban robo ekari, kichwa cha mita 2 hupita mara 10 na kutumia dakika 10 za kukata, na ikiwa kila mgeuko unakadiriwa kuchukua nusu dakika, jumla huwa dakika 15. Kichwa cha mita 4.5 hupita mara 5, mpito wa mwisho ukiwa nusu mtupu, hivyo hutumia dakika 5 za kukata. Lakini mashine kubwa, ambayo katika nafasi finyu hulazimika kurudi nyuma na kujipanga upya, ikikadiriwa dakika moja kwa kila mgeuko, jumla yake hufika dakika 10. Upana umeongezeka zaidi ya mara mbili, ilhali muda umepungua kwa theluthi moja tu, na bado haijahesabiwa kazi ya kuvuka kingo kuingia jaruba linalofuata.

Kikwazo cha pili kimo ndani ya mashine yenyewe. Ngoma ya kupuria ina kiwango chake cha kumeza, na kichwa kinachoilisha kupita kiwango hicho husababisha nafaka kutoka nyuma pamoja na mabua, hasara ambayo mwendeshaji haioni kwa sababu inaanguka chini ya rundo la majani. Shamba linalotoa tani 5 za mpunga kwa hekta, likivunwa kwa kichwa cha mita 2 na mwendo wa kilomita 3, huilisha ngoma tani 3 za nafaka kwa saa, pamoja na mabua ambayo uzito wake hukaribia ule wa nafaka. Mpunga ukiwa mwembamba, wa tani 2 kwa hekta, ngoma hubaki na nafasi, na hapo ndipo hoja ya kichwa kipana huonekana kuwa na nguvu. Hata hivyo nafasi hiyo inaweza kujazwa kwa kuongeza mwendo, jambo lisilogharimu chochote mahali ambapo ardhi ni sawa.

Lakini ardhi ya bonde mara nyingi si sawa. Jaruba likiwa na mwinamo wa sentimita 5 katika kila mita 2, ncha mbili za kichwa cha mita 2 hutofautiana kimo kwa sentimita 5, ilhali za kichwa cha mita 4.5 hutofautiana kwa zaidi ya sentimita 11, na mwendeshaji hulazimika kuchagua kati ya kuchota udongo upande mmoja na kuacha mashuke upande wa pili. Tatizo hilo huzidi pale mpunga unapolala. Aina za kienyeji zenye mashina marefu, Supa ikiwa mojawapo, hulala kwa upepo na mvua za mwisho wa masika, tofauti na SARO 5, yaani TXD 306, ambayo ni fupi na imeenea sana miongoni mwa wakulima wa mbegu bora. Mpunga uliolala hukatwa polepole, kisu kikiwa chini na mashine ikielekea upande mmoja tu, hivyo mkulima anayeendelea kupanda Supa kwa sababu ya harufu yake na soko lake hana budi kukihesabu kichwa kipana kuwa ni mzigo.

Uzito nao huamua. Mashine ndogo ya mikanda ya mpira ina takriban tani 3, na mikanda hiyo huusambaza uzito juu ya eneo kubwa, ilhali kichwa kipana hudai injini kubwa, tangi kubwa na mwili mzito, mara nyingi juu ya magurudumu. Katika udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao mwezi Mei huweza kuwa mkavu juu na bado laini chini, gurudumu zito huacha mifereji itakayomsumbua mwenye pawatila msimu unaofuata. Mfano wa shamba la Mngeta, lililoanzishwa miaka ya 1980 kwa ubia wa Tanzania na Korea Kaskazini na lenye zaidi ya hekta 5,000, hutajwa mara kwa mara kuthibitisha kwamba mashine kubwa zinafaa bondeni. Lakini kinachothibitishwa na shamba kama hilo ni kwamba mashine kubwa hufaa penye vitalu vikubwa vinavyofuatana, jambo ambalo mwenye ekari 3 zilizogawanyika sehemu mbili hana.

Suala la kuanika hupuuzwa zaidi ya yote, ingawa lingepaswa kutangulia. Mpunga huvunwa kwa kombaini ukiwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 25, na sharti ushushwe hadi asilimia 14 au chini ya hapo kabla ya kuhifadhiwa. Anayevuna kwa vibarua hukata na kuacha mpunga upungukiwe maji shambani; kombaini humkabidhi mkulima nafaka mbichi yote kwa mara moja, na ikilala kwenye viroba usiku mmoja au miwili huanza kupata joto na kubadilika rangi. Umande wa asubuhi huchelewesha kuanza kazi, hivyo siku ya kuvuna inaweza kukadiriwa kuwa ya saa 6. Ikiwa theluthi moja ya muda huo inakwenda kwenye migeuko na kumwaga nafaka, mashine ya mita 2 huvuna hekta 2.4, na kwa mavuno ya tani 3 kwa hekta hutoa tani 7.2. Kwa kuwa mita moja ya ujazo ya mpunga huwa na uzito wa kilo 575 hivi, mzigo huo ukitandazwa kwa unene wa sentimita 5 huhitaji turubai au sakafu ya mita za mraba 250. Kichwa cha mita 4.5, hata kikipoteza muda kwa kiwango hichohicho tu, hudai zaidi ya mita za mraba 560. Mkulima asiye na uwanja wa namna hiyo amenunua uwezo wa kuozesha mpunga kwa kasi zaidi.

Kuhusu mazao mengine ya shamba la mchanganyiko, maelezo yanaweza kuwa mafupi. Mahindi huhitaji kichwa cha aina nyingine, chenye midomo inayofuata mistari na kunyofoa mahindi kwenye mabua. Kwa ekari chache, kuvuna kwa mikono na kupukuchua kwa mashine ya kukodi hubaki kuwa nafuu. Ufuta hupasua vitumba vyake unapokauka, ndiyo maana hukatwa mapema, hufungwa na kusimamishwa ukauke, na hakuna upana wa kichwa unaobadilisha tabia hiyo. Mwenye ng'ombe anapaswa kuangalia kimo cha kukatia kuliko upana, kwa kuwa kisu kikiinuliwa ngoma hupata nafuu lakini malisho mengi hubaki yamesimama shambani.

Linabaki suala la umiliki. Mwenye ekari 20 akiwa na mashine ya mita 2, inayovuna takriban ekari 6 kwa siku, humaliza shamba lake katika siku 4, na siku zote zilizobaki za msimu mashine hulipiwa na mashamba ya wengine. Kwa sababu hiyo kipimo kinachopaswa kuongoza ununuzi ni majaruba ya watakaokodi: urefu na upana wake, kimo cha kingo, mahali pa kuingilia, miti iliyosimama mipakani, na iwapo lori linaloibeba mashine linafika karibu. Vipimo hivyo huchukuliwa vizuri zaidi baada ya mavuno, maji yakiwa yamekauka na kingo zikionekana, yaani miezi kadhaa kabla ya fedha kutolewa.