Kutu Chini ya Rangi



Wapendwa wasikilizaji, huko Marekani wako watu ambao hutumia jioni zao nyumbani kuyafufua magari ya zamani yenye injini kubwa, kama vile Pontiac GTO ya mwaka 1964. Nilipokuwa mgeni huko, baba mmoja wa familia alinionyesha lake. Rangi iling'aa. Akatwaa sumaku ndogo, akaipitisha ubavuni. Penye chuma ilinata; karibu na gurudumu ikaanguka.

“Padre,” akasema, “hapa walijaza puti, wakapaka rangi. Chini yake kutu ingali inakula.”

Ilimbidi kukata bati lote lililooza na kuchomelea jipya. Rangi ilikuja mwisho.

Ndugu zangu, nasi tunayo puti yetu. Twapeana amani kanisani, kumbe hatusemezani na ndugu wa tumbo moja mwaka wa tatu sasa. Sakramenti ya Kitubio si rangi. Hukata palipooza, na hapo ndipo neema huunga upya. Juma hili, kabla ya kuikaribia altare, mwendee ndugu yako.

Mungu awabariki. Amina.