Picha za Kanisani Murang'a



Ninyi mkaao Thika na Ruiru hamna safari ndefu kuziona picha nitakazozitaja. Zimo kutani mwa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, Murang'a, mji ulioitwa zamani Fort Hall. Kanisa hilo ni ukumbusho wa Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury. Mchoraji ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Tanganyika, aliyesomea Makerere.

Atakayekwenda kutafuta mapigano ya msituni na nyumba zikiungua hatayakuta. Picha ni tano, zote za Injili: Kuzaliwa, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Msalaba. Lakini Yesu ni Mwafrika, na nchi ni ile ile ya Wakikuyu iliyomwagikiwa damu.

Kumbukeni kwamba zilichorwa mwaka 1959, Hali ya Hatari haijaondolewa. Mzee mmoja aliweza kuwa na mwana mmoja homugadi na wa pili msituni. Mchoraji angaliwavika wauaji nguo za upande mmoja, ni nani wa upande ule angaliingia kusali? Nadhani alichagua vema. Wako wasemao kwamba ukumbusho huo ni wa wafu wa upande mmoja tu. Ni kweli, wala rangi haiwezi kulifuta neno hilo. Walakini mama aliyefiwa, awaye yote, akiinua macho humo amwona aliyeuawa mwenye uso kama wa mwanawe.