Hotuba ya Mgeni Rasmi katika Uzinduzi wa Wiki ya Chanjo

Ndugu Mwenyekiti wa Halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, waheshimiwa madiwani, viongozi wetu wa dini, wauguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, nanyi kina mama na kina baba mliokuja na watoto,

Risala yenu imesema wazazi wa hapa hawana mwamko. Hapo naomba tutofautiane. Mama aliyetoka nyumbani alfajiri, mtoto mgongoni, kadi ya kliniki ameifunga kwenye mfuko wa plastiki isilowe, mwamko anao. Anachokosa ni mtu wa kumjibu. Anauliza mbona mtoto alichemka usiku kucha baada ya chanjo ya penta, anaambiwa, "Haya mama, anayefuata!" Jioni jirani anamsikilizisha sauti ya WhatsApp: mtu asiyejulikana jina wala anakoishi anaeleza taratibu, kwa upole, kwamba chanjo zinaua uzazi. Huyo kampa nafasi ambayo sisi tulimnyima.

Basi nianze mimi kujibu, wataalamu mtanisahihisha. Chanjo hizi haziui uzazi. Homa ya siku moja au mbili na paja kuuma baada ya penta ni jambo la kawaida. Mwili unajiandaa kupambana na dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina B na aina mojawapo ya homa ya uti wa mgongo. Akipata degedege au akigoma kunyonya, mrudisheni kituoni saa hiyohiyo. Kipele cha chanjo ya BCG begani kikitoa usaha kidogo, msikipake kitu. Na chanjo ya surua-rubela hurudiwa mtoto akiwa na miezi 18 kwa sababu ile ya miezi 9 haishiki kwa kila mtoto. Muuguzi, liseme hilo waziwazi. Mzazi akiligundua mwenyewe, atadhani ulimficha.

Hofu ya sindano nayo si ajabu. Kule Marka, Somalia, mwaka 1977, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin aliugua ndui, akawa mtu wa mwisho duniani kuipata kwa maambukizi ya kawaida. Alifanya kazi hospitalini na bado alikwepa sindano, akiogopa maumivu! Alipona, na baadaye akazunguka kuhamasisha chanjo ya polio, akiwasimulia wazazi yaliyompata. Mtu kama huyo namwamini kuliko mabango yetu yote.

Naelekeza kila zahanati, siku ya kliniki, itenge robo saa ya maswali kabla ya sindano. Kina baba nanyi mje. Masheikh na wachungaji, mkiulizwa msibahatishe. Mwiteni muuguzi, au pigeni 199, simu ya bure ya Wizara ya Afya. Na sauti ikija kwenye simu, jiulize: huyu akinidanganya, nitamfuata wapi? Muuguzi wako mlango wake unaujua.

Baada ya kusema hayo, natamka Wiki ya Chanjo imezinduliwa rasmi. Meza ya maswali iko pale karibu na mizani, nami nitakaa hapo.