Tundu la Skrubu Lililolegea

Ndugu wafanya kazi, leo twasema juu ya magari ya safari yenye vitanda na jiko ndani, maana wengi wetu twayatengeneza. Taa ya dari ikianguka njiani, mwenye karakana hutaka kumkata fundi mshahara. Lakini mara nyingi kosa si la mkono wa fundi. Dari ni plaiwudi nyembamba, barabara mbovu huitikisa kutwa, na tundu hupanuka hata skrubu haishiki.

Wako wanaotia skrubu ndefu zaidi. Hao tumewaona! Skrubu yatoboa bati la juu, na mvua ya kwanza yamnyeshea mgeni kitandani.

Sisi twafanya hivi. Kwanza twafungua waya wa betri. Kisha twabonyeza ubao kwa kidole: ukiwa laini, maji yameingia, na gundi haitafaa kitu mpaka pavujapo pazibwe na ubao mbovu ukatwe. Ukiwa mkavu na mzima, twachonga vijiti vya mti mgumu, twavichovya katika gundi ya mbao, twavigonga tunduni mpaka lijae, twaacha hadi kesho. Asubuhi twakata vilivyotokeza, twatoboa kwa keekee nyembamba kuliko skrubu, na twakaza kwa bisibisi ya mkono. Ya umeme huharibu kazi ya jana.

Palipo plaiwudi tupu, vijiti havina pa kushika. Hapo yabidi kufungua dari na kubandika kipande cha mbao nyuma.

Kazi hii yataka siku mbili kwa sababu ya gundi. Msimamizi akiandika saa moja kitabuni, mwambieni mbele ya mwakilishi wa chama kabla hamjashika bisibisi.